Nani Amefunika Mashine Yangu?

Wacha niseme jambo moja mapema, ili msinielewe vibaya baadaye. Mimi sikuumbwa na adabu nyingi. Mama yangu mwenyewe alisema hivyo, na alisema akicheka. Kwa hivyo wale wanaozunguka wakisema kwamba Jacklyne alivuruga matanga ya mamake, kwamba alishusha picha ya marehemu huku pasta akiwa katikati ya maombi, hawanisingizii. Niliishusha. Na mkinirudisha siku ile nitaishusha tena.

Kwetu ni Woodley, zile nyumba za zamani za kaunsili zenye sakafu nyekundu ya saruji, ambayo mama aliipiga polishi mpaka ukiteleza ni shauri yako. Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, mahari, mazishi, graduwesheni za watoto wa nasari. Naifanyia pale sebuleni kwa kompyuta ya mezani ambayo imedumu kuliko ndoa nyingi nilizozihariri. Ndani ya lile sanduku lake mna diski tatu za kuhifadhia kazi, zimebanana moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Zikifanya kazi zinapata moto. Diski ikipata moto inaanza kukosea kusoma, na moto ukizidi inakufa, tena inakufa na vitu vyako vyote. Ndiyo maana ubavu wa sanduku niliung'oa kitambo, nikaweka feni ya mezani hapo kando, ikawa inapuliza mchana kutwa, hata Julai wakati Nairobi nzima inatembea na sweta.

Sasa mama yangu, Nakhumicha, alikuwa mtu wa vitambaa. Alivifuma kwa mkono wake mwenyewe. Kiti kilikuwa na kitambaa, redio kitambaa, televisheni kitambaa, mtungi wa maji kitambaa. Kitu kimoja tu hakikuwahi kufunikwa katika nyumba ile, nacho ni mashine yangu. Mgeni akiuliza mbona hiyo kitu iko uchi, nyaya nje nje, mama alimjibu, "Hiyo inakula hewa. Wewe kunywa chai."

Alifariki Jumanne katika hospitali moja huko Upper Hill. Na kabla sijamaliza kulia, ugomvi ukaingia mlangoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa Ugenya na amezikwa huko. Kwa watu wake, mke anazikwa kwa boma la mume wake, na hapo hakuna mjadala. Mama alikuwa ameolewa kutoka Bungoma akaja moja kwa moja Nairobi, akaishi Woodley maisha yake yote, na aliniambia wazi kwamba anataka kuzikwa makaburi ya Lang'ata, hapa hapa Nairobi. Kuna sababu. Kabla sijazaliwa alikuwa na mtoto mvulana, Isaiah, aliyekufa akiwa bado ananyonya. Hali haikuruhusu kumsafirisha, wakamzika Lang'ata. Mama alilitunza kaburi lile miaka yote, na nafasi ya kando yake akaishughulikia mwenyewe, karatasi zote tayari. Alitaka kulala na mtoto wake. Hilo tu.

Baba mdogo Zadock, ndugu ya baba, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nilipomwambia, alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Hayo ni maneno ya mgonjwa," akasema. "Ama ni yako."

"Ni yake. Na ninayo kwa video."

"Basi tuonyeshe."

Na kweli nilikuwa nayo. Mwaka jana, kabla hajaugua, mama aliniambia nilete kamera nimrekodi. Nilihifadhi nakala mbili katika diski mbili. Ya tatu ilikuwa katika diski ndogo ya kubeba, nayo iliibwa pamoja na mkoba wangu pale Moi Avenue, aliyeichukua na imkwame kooni. Zilibaki zile mbili, na zote zilikuwa ndani ya sanduku lile moja.

Tukapatana: Jumamosi alasiri wazee wakutane hapo sebuleni, niicheze, kila mtu asikie. Kama sina kitu, gari la kubeba mwili linaondoka Jumapili asubuhi kuelekea Ugenya. Baba mdogo alikuwa ameshaliagiza, mjue. Alikuwa na uhakika kiasi hicho.

Jumamosi asubuhi niliwasha mashine, nikaiachia kazi ya kutoa ile video kutoka kwa faili zake kubwa kubwa, iwe tayari kuchezwa. Feni ikipuliza, ubavu wazi. Mimi nilitakiwa mochari kupeleka nguo za mama. Shangazi Peres, dada ya baba, alikuwa ameshika usukani wa nyumba, na shangazi akishika usukani hata paka anaomba ruhusa.

"Shangazi, tafadhali, hapo kwa kompyuta usiguse. Usifunike, usizime."

"Sawa, mama. Enda tu na amani."

Sawa, mama! Niliamini.

Nilirudi mchana. Hema lilikuwa limesimamishwa nje, akina mama wa kanisa wanaimba, sebule imejaa watu hadi korido na madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi. Pasta alikuwa amesimama akiomba. Nikatafuta kwa macho meza yangu. Sikuiona. Nilichokiona ni altari. Picha ya mama iliyowekwa fremu, mshumaa, maua kwenye chombo, yote yamepangwa juu ya kitu cha mraba kilichofunikwa shuka, juu ya shuka leso, juu ya leso kitambaa cha mama cha rangi ya maziwa, kile cha wageni wakubwa. Nyinyi mnajua kulikuwa na nini chini ya hayo yote. Feni haikuwepo. Na kutoka ndani ya zile nguo, chini ya sauti ya pasta, nikasikia mashine yangu ikilia kwa sauti nyembamba ya pangaboi dogo linalozunguka mpaka mwisho wa uwezo wake, na harufu ya plastiki iliyopata moto.

"Pasta, samahani," nikasema.

Hakunisikia, au alifikiri nimezidiwa na uchungu. Nikapita katikati ya magoti ya watu. Nikauzima mshumaa. Nikachukua picha ya mama yangu, nikamwekea Nyawira, jirani yetu, mapajani. Maua nikayatupia kwenye kona. Halafu nikashika ncha ya shuka nikavuta vyote kwa mpigo.

Watu walishtuka kwa pamoja. Maombi yakakatika bila amina.

"Jacky!" Shangazi Peres alikuwa ameshika kichwa. "Wee! Picha ya marehemu haishushwi kabla ya mazishi! Unatuitia nini kwa hii nyumba?"

"Nani amefunika mashine yangu?"

"Ni mimi. Na nini? Watu wanakuja kutoka pande zote, waone manyaya yamening'inia kama matumbo ya kuku? Tutasemwa!"

"Nilikuambia usiguse, shangazi."

"Uliniambia nisiguse. Mimi sikugusa. Nilifunika tu juu."

"Na feni iko wapi?"

"Ilikuwa inazima mshumaa."

Walikuwa wameitoa nje. Vijana wa kukodisha viti wakaja wakaiangushia rundo zima la viti. Niliikuta kando ya hema, shingo imevunjika, mapanga yake vipande vipande. Niliporudi ndani, mashine ilikuwa imejizima yenyewe na kioo kimekuwa cheusi. Nikaweka mkono kwenye bati lake, nikautoa haraka.

Baba mdogo Zadock alikuwa ameketi kiti cha baba, suti nyeusi, mikono juu ya fimbo yake. Hakuonekana kufurahi, nitasema kweli. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi," akasema taratibu. "Mmeona wenyewe. Hata mashine imekataa."

"Mashine haijakataa, baba mdogo. Mashine imefunikwa na dada yako."

Mtu mmoja huko nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Sikungoja. Nikachukua bisibisi, nikapiga magoti pale sakafuni na nguo zangu za msiba, nikaanza kuzitoa diski moja baada ya nyingine. Zilikuwa za moto hata kushika ni kwa pindo la sketi. Fidel, mtoto wa baba mdogo, yeye anakaa Loresho na anafanya kazi benki, akachuchumaa kando yangu na manukato yake.

"Sis, si ungeweka tu kwa mtandao hii kitu?"

"Fidel, video nzito ya kamera kubwa, na bando za kununua kidogo kidogo. Ungenilipia wewe?"

"Basi tuziweke kwa friji. Nilisoma mahali."

"Ukiziweka kwa friji zikitoka zinatoa jasho. Maji yakiingia ndani hapo ndio kwaheri. Zinataka kupoa polepole, na zisikaribiane."

Nikazipanga kwenye ile sakafu nyekundu ya mama, saruji baridi ya Julai, kila moja mbali na mwenzake. Nikafungua madirisha yote. Akina mama wakavuta sweta na kunung'unika kuhusu nimonia. Wanung'unike. Nikamwambia kila mtu tungoje.

Wazee hawakutaka kungoja. Baba mdogo alisimama, akasafisha koo, akatangaza kwamba muda umekwisha, ushahidi haupo, na kesho asubuhi safari ni saa kumi na mbili, watu walale mapema.

Nami nikasimama, bisibisi mkononi. Pengine sikupaswa kuwa na bisibisi.

"Hakuna safari," nikasema. "Mochari wanamtoa mama kwa sahihi yangu, na mkono unaotia sahihi ndio huu. Mkitaka mniburute mpaka huko mnishikishe kalamu. Mtaniburuta mbele ya watu wote, na nitapiga kelele mpaka Adams Arcade wasikie."

"Mtoto huyu!" akasema shangazi Peres.

"Ndiyo, mtoto. Mtoto wa Nakhumicha."

Baba mdogo hakupaza sauti. Ingekuwa rahisi kama angepaza. "Jacklyne," akasema, "unafikiri napenda haya? Nitawaambia nini watu wa nyumbani? Kwamba mke wa ndugu yangu tumemwacha mjini kama mtu asiye na kwao? Ndugu yangu yuko pale, nafasi kando yake iko wazi. Utamwacha baba yako alale peke yake?"

Hapo aliniuma. Nilimpenda baba yangu, na baba mdogo alijua pa kugonga. Machozi yalinijia lakini sikumpa nafasi ya kuyaona. Niligeuka nikachuchumaa tena kwa diski zangu, nikaziwekea mgongo wa mkono, vile unavyompima mtoto homa. Zilikuwa zimeanza kupoa.

Nilipoona zimepoa vya kutosha, nikachukua ya kwanza nikaichomeka. Nikawasha. Ikaanza kuzunguka, halafu ikagonga: tak, tak, tak. Ikatulia. Ikagonga tena. Mtu yeyote wa kazi yangu anaijua sauti hiyo na anaiogopa. Ilikuwa imekufa.

Nje waliacha kuimba. Nyawira alikuwa amekumbatia picha ya mama kifuani, midomo yake ikienda bila sauti.

Nikachukua ya pili. Hii sikuirudisha ndani ya sanduku, ningekuwa mwendawazimu. Niliiacha nje hapo sakafuni, imelala peke yake, nyaya zimenyooka mpaka kwake. Nikawasha. Ikazunguka. Ikanguruma kidogo, ikasita. Halafu jina lake likatokea kwenye kioo.

Lakini nilijua ikianza kusoma itapanda moto tena, na mwili wake ulikuwa umeshaumia. Ilitaka upepo. Nikararua upande wa katoni ya soda iliyokuwa chini ya meza, mkono wa kushoto nikapepea, mkono wa kulia nikabonyeza.

Mama akatokea.

Alikuwa ameketi jikoni na sinia ya mchele magotini, akichambua mawe. "Jacky, hiyo kitu inawaka?" akauliza pale kwenye kioo, na sauti yangu ikamjibu ndiyo. "Haya. Mimi ni Nakhumicha, na akili yangu iko timamu, hata leo nimewashinda wauzaji wa sokoni kwa hesabu. Nikifa nizikwe Lang'ata na mtoto wangu Isaiah. Simchukii mtu. Wa Ugenya walinipokea vizuri. Lakini huko siendi."

Minong'ono ikaanza. Shangazi Peres akakaa chini kwa kishindo. Kwenye kioo mama akainua macho. "Sasa Jacky toka kidogo. Hii ingine ni ya shemeji yangu Zadock. Utamwonyesha."

Wakaniona pale nikipita mbele ya kamera, nikitoka. Nilitoka kweli, na kuanzia siku hiyo sikuwahi kuisikiliza sehemu ile. Adabu ninayo kidogo, na yote nilimpa mama. Nikaisimamisha video.

"Baba mdogo, hapa ni pako. Niwatoe watu?"

Alikuwa amekaza uso. "Mke wa ndugu yangu hana siri na mimi. Wacha icheze."

Nikaiacha.

"Zadock," mama akasema, na mikono yake ikaacha mchele. "Shemeji, najua uko hapo umekunja uso kama kawaida yako. Unakumbuka ile siku? Kaka yako alikuwa kazini Mombasa. Wewe ulikuwa kijana unakaa hapa na sisi, unatafuta kazi, unalala hapo sebuleni. Wewe ndiye ulibeba kale kasanduku. Mimi wazee walinikataza kwenda makaburini. Nikabaki hapa na maziwa yangu yamejaa kifuani. Ukarudi jioni, udongo umejaa viatuni. Ukaniambia, shemeji, usilie, hatakaa peke yake kule. Ulisema hivyo, Zadock. Wengine waliniambia Mungu hutoa na Mungu hutwaa. Wewe peke yako ndiye uliniambia hatakaa peke yake."

Sikuwa najua. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mkono wangu ulikuwa umesimama hewani na katoni, na machozi yananitoka, na sikujali tena nani anaona.

"Mimi nilikuwa naenda Jumapili baada ya ibada," mama akaendelea. "Sasa magoti yamekataa. Kaka yako yuko na babake, yuko na mamake, ndugu zake wamempakana kila upande. Isaiah yuko na na—"

Picha ikaganda. Mdomo wa mama uko wazi, na diski pale sakafuni ikatoa mlio wa kukwaruza. Nilikuwa nimeacha kupepea.

Kabla sijasogea, fimbo ilianguka sakafuni. Baba mdogo Zadock alikuwa ameondoka kwa kile kiti. Alipiga magoti mbele yangu, mzee mzima na suti yake nyeusi, kwenye saruji, akaninyang'anya katoni, akaanza kupepea. Alipepea kwa mikono miwili, haraka haraka, kama mtu anayewasha jiko la makaa yenye unyevu. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mlio ukapungua, ukaisha.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza.

"—Isaiah yuko na nani?" akasema mama. "Basi, shemeji. Timiza neno lako. Ukikataa, mimi nitakuwa maiti, nitakufanya nini? Nitalala tu kwa hilo gari nikae kimya mpaka Ugenya. Lakini wewe utakuwa unajua." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kupandisha mabega, akarudi kwa mchele wake. "Jacky! Njoo uzime, inakula stima."

Ikaisha. Nje mtu alikuwa anapanga vikombe, na tulisikia kila kikombe.

Fidel alikuwa na simu mkononi. "Baba," akauliza kwa sauti ndogo, "nimwambie nini mwenye gari?"

Baba mdogo hakugeuka. "Mwambie ni Lang'ata."

"Zadock!" Shangazi Peres alikuwa analia sasa. "Watatusema nyumbani!"

"Waseme. Wakimaliza waje kwangu, nitawajibu mimi. Nilisema neno langu kwa hii nyumba, na nikalisahau. Aliyelikumbuka ni yeye."

Nilimwambia Fidel alete laptopu yake kutoka garini, maana ile diski sikuiamini tena. Tukaanza kuhamisha video. Ilikwenda polepole. Watu walianza kutoka mmoja mmoja kwenda kunywa chai hemani, Nyawira akairudisha picha ya mama ukutani, kwenye msumari wake. Baba mdogo alikataa kuinuka. Nilimwomba nimpokee akakataa, Fidel akamwomba akakataa. Kola yake ilikuwa imeloa jasho na baridi yote ile, na katoni ilikuwa imeanza kujikunja mikononi mwake.

Video ilipomaliza kuhama niliihakikisha mara mbili, nikazima kila kitu. Diski ikapunguza mwendo, ikasimama. Niliigusa. Ilikuwa ya baridi kabisa.

"Baba mdogo," nikamwambia, "imetosha. Nimeshazima. Imepoa."

Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa pale sakafuni na mikono haikusimama.

"Najua," akasema. "Wacha nimpepee kidogo."